Siku nne za kwanza: kutoka Dar hadi Nairobi peke yako, kupitia Tanga na Mombasa

Mtu wa Dar anayetaka kuzunguka Afrika Mashariki peke yake, begi mgongoni, kwa kawaida hukata tikiti ya basi la moja kwa moja hadi Nairobi. Basi linatoka alfajiri, linapita Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga, kisha linamshusha katikati ya Nairobi usiku. Amechoka, hana laini ya Kenya, mfukoni ana shilingi za Tanzania, na gesti aliyoiona kwenye simu hajui iko upande gani. Njia yenyewe haina kosa. Kosa ni kufika usiku.

Kwa safari ya kwanza nashauri uende hivi: siku ya kwanza Dar hadi Tanga, ya pili Tanga hadi Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, ya tatu ubaki Mombasa, ya nne upande treni ya asubuhi hadi Nairobi. Kila mji unaufikia jua bado liko juu. Utalipia vyumba zaidi kuliko aliyepanda basi moja, na siku zitakwenda. Hata hivyo mambo yote yanayomsumbua msafiri mgeni (chumba, laini, fedha, usafiri wa ndani) utayatatua moja moja, mchana, badala ya kukuangukia yote usiku mmoja.

Kabla ya yote, pasipoti. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA usiitegemee pale Horohoro. Ibebe, ila iweke mbali na pasipoti, ili kimoja kikipotea kingine kikutambulishe. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake na kurasa tupu za kutosha. Toa nakala mbili: moja ikae ndani ya begi, nyingine abaki nayo mtu wa nyumbani. Piga pia picha ukurasa wenye sura yako ujitumie kwenye barua pepe, maana simu nayo huibwa.

Viza huhitaji. Tangu Januari 2024 Kenya inawataka wageni wengi waombe kibali cha kielektroniki kabla ya kusafiri, lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa. Tovuti inayokudai dola za kibali hicho wakati una pasipoti ya Tanzania inakuibia. Ifunge.

Kadi ya njano ndiyo watu wengi huisahau. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, na tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, ila huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Ijumaa kwa safari ya Jumatatu hana cheti halali. Wengi hudhani kadi inatakiwa huko waendako tu. Tanzania yenyewe huidai kwa anayeingia akitoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa hiyo unaweza kutoka bila kuulizwa ukaja kubanwa wakati wa kurudi kwenu.

Sasa begi. Lita 40 zinatosha, na likishajaa lisizidi kilo 10 pamoja na maji. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo nzima. Kwenye mitumba ya Karume hupatikana mabegi mazuri ya kupandia milima kwa bei nafuu kuliko mapya yasiyo imara, lakini kagua sehemu tatu. Kwanza vuta mikanda ya mabega kwa nguvu pale inaposhonewa kwenye mgongo wa begi. Mshono ukionesha nyuzi, hapo ndipo litakatikia. Pili, fungua na ufunge kila zipu mara kadhaa, hasa kwenye kona. Tatu, pitisha mkono ndani: bitana ikinata au ikitoa maganda kama ngozi iliyobabuka, tabaka la kuzuia maji limekufa na mvua itapenya. Halafu mwombe muuzaji akuwekee vitu vizito ndani, ufunge mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni, na ukiukaza vizuri mabega yapumue. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni liache, hata kama sura yake inavutia.

Nyumbani lijaribu kabla ya siku ya safari. Tumbukiza mifuko miwili ya unga ya kilo 5, vaa viatu utakavyosafiria, tembea kutoka Mwenge hadi Coco Beach mchana wa jua kali. Palipoanza kuchubuka siku hiyo ndipo patakapokutesa Mombasa. Nguo zisizidi fulana tatu, suruali au sketi mbili, nguo ya mvua, kandambili na kanga moja au kikoi, ambavyo hugeuka taulo, shuka, pazia la kitanda na kifuniko cha kiti kichafu. Ongeza kufuli ndogo, pakiti kadhaa za chumvi ya ORS (moja kwa lita moja ya maji safi na salama), na chandarua chepesi ukiweza. Nguo usizifunge ndani ya mfuko wa plastiki wa kubebea au wa taka ili zisilowe: Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, hata wewe mwenye mfuko mmoja unaweza kusimamishwa nao. Nunua mfuko wa turubai jepesi usiopitisha maji. Kisu kidogo cha mfukoni kiache nyumbani, sababu yake utaiona kwenye treni.

Fedha zigawe sehemu tatu: za matumizi ya siku mfukoni, akiba kwenye mkoba wa kuvaa ndani ya nguo, na dola chache zilizokunjwa mahali pa siri ndani ya begi. Dola ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, na za matoleo ya karibuni, maana maduka mengi ya kubadilishia fedha hukataa zilizochakaa au hutoa kiwango cha chini. Ipigie benki yako uulize kama kadi yako imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Kadi nyingi hukwama kwenye mashine ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Laini yako ya Tanzania iwashie huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu namba za siri za benki zitakuja huko, lakini data yake izime kabisa, la sivyo salio litayeyuka.

Siku ya kwanza ni nyepesi makusudi. Mabasi ya Tanga yako kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Tikiti ikate siku moja kabla, dirishani au ofisi ya kampuni, si kwa mpiga debe anayekuvuta mkono getini. Ukitoka mjini kipindi cha masika, acha muda wa ziada: Jangwani ikijaa maji mwendokasi husimama na foleni ya barabara ya Morogoro huwa ndefu. Kaa upande wa kushoto, ule wa mlango. Kuanzia Chalinze basi linaelekea kaskazini hadi Segera, na jua la asubuhi hupiga upande wa kulia karibu njia nzima.

Begi kubwa linakwenda kwenye buti. Liandike jina na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, dai kipande cha mzigo kwa konda, na usipande mpaka umeona buti limefungwa. Pasipoti, fedha, kadi ya njano, chaja na dawa viwe kwenye mkoba mdogo usioutoa mwilini. Msafiri wa peke yake hana wa kumwachia mkoba wakati wa kuchimba dawa, hivyo uzoee kushuka nao kila mara. Ukishuka kula, piga picha namba ya basi. Mabasi ya kampuni moja hufanana rangi, na konda akipiga honi mara ya mwisho huwa hana muda wa kukutafuta.

Ni kama kilomita 350 hadi Tanga. Stendi ya Kange iko nje kidogo ya mji, chukua bajaji hadi gesti ya Ngamiani au katikati ya mji. Jioni hiyo ina kazi moja muhimu: mwaga kila kitu kitandani. Bado uko nchini, na laini yako na fedha yako bado zinatumika, kwa hiyo kosa la kufungasha linarekebishika kwa bei ya nyumbani. Kilichosahaulika kinunue hapo Tanga. Kilichozidi kirudishe Dar kama kifurushi cha basi, ndugu akakipokee Mbezi. Tafuta pia nakala moja ya jina na mtaa wa mahali utakapolala Mombasa, uiandike kwa kalamu kwenye karatasi.

Asubuhi ya pili ondoka kabla ya saa 2. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65 za lami. Unaweza kupanda basi linalokwenda hadi Mombasa, ambalo husubiri abiria wavuke, au kuunga kwa magari madogo hadi mpakani kisha matatu (daladala za Kenya) upande wa pili. La kwanza ni rahisi kwa mgeni. Ukichagua kuunga, elewa kituo kinavyofanya kazi. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, maana yake maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Ukienda Kenya unapita Horohoro bila kugongewa kitu, na mihuri yote miwili, wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya, unaipata Lunga Lunga. Ukirudi ni kinyume chake.

Hapo watu hukosea kwa haraka. Bodaboda anaweza kukupitisha hadi stendi ya matatu bila kukuelekeza jengoni, au ukapata mhuri mmoja ukadhani umemaliza. Usiondoke dirishani kabla ya kuhesabu mihuri miwili na kusoma tarehe na siku ulizopewa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mgeni kutoka nchi mwanachama kukaa hadi miezi 6, lakini ofisa anaweza kuandika pungufu. Ulichoandikiwa ndicho kinachokufunga. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema kutembea, utaje siku na mahali pa kulala kutoka kwenye ile karatasi. Kibali cha matembezi hakiruhusu kazi.

Wabadilisha fedha watakufuata kabla hata hujashuka. Badilisha nauli na chakula cha siku hiyo tu, mengine Mombasa. Fanya hesabu kwenye simu yako kabla ya kusalimiana nao. Tuseme kiwango cha siku hiyo ni shilingi 19 za Tanzania kwa moja ya Kenya: 50,000 inakupa kama 2,630. Akikupa kwa 21 utapata 2,380, na tofauti hiyo ya 250 ni nauli au sahani ya chakula. Pokea noti zao kwanza, zihesabu moja moja mkononi mwako, ndipo utoe zako. Akizichukua tena "kuhakikisha", zihesabu upya zikirudi, kwa sababu hapo ndipo noti hukunjwa katikati au kupungua. Angalia hasa noti ya 1,000. Toleo la zamani, lenye sura kubwa ya Jomo Kenyatta, liliondolewa kwenye matumizi tarehe 30 Septemba 2019 na leo ni karatasi tu. Noti mpya zote zina jengo la KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi.

Lunga Lunga hadi Likoni ni kama kilomita 100, kupitia Msambweni na Ukunda. Matatu husimamishwa na askari njiani na vitambulisho huombwa, hivyo pasipoti iwe karibu. Likoni unavuka kwa feri. Tofauti na Kigamboni, mtembea kwa miguu halipi. Begi livalie mbele kwenye msongamano ule, na usipige picha, si kwenye feri wala mpakani.

Ukishavuka, fuata mpangilio huu bila kuubadili: chumba, laini, fedha, chakula. Chumba kwanza kwa sababu begi zito hukuuza. Kila anayekuona anajua umetoka kushuka. Lipia usiku wa kwanza peke yake, tena baada ya kukiona. Mlango uwe na komeo la ndani mbali na kitasa, dirisha lifungike, chandarua kisiwe na matundu, bomba litoe maji ukiwa umesimama hapo. Uliza bei ni ya chumba au ya mtu, na saa ya kutoka. Dada anayesafiri peke yake achague ghorofa ya juu kwenye nyumba yenye mtu mapokezi usiku kucha. Mhudumu akitamka namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu, omba ubadilishiwe. Ombi hilo ni la kawaida, usilionee haya.

Laini inunue kwenye duka la Safaricom lenyewe, na pasipoti mkononi. Zile zinazouzwa barabarani tayari zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na siku ikifungwa, fedha iliyomo si yako kisheria. Sajili M-Pesa hapo hapo, weka fedha kwa wakala. Kwa nini haraka hivi? Kwa sababu nchini Kenya M-Pesa inalipa karibu kila kitu, kuanzia matatu hadi mama wa viazi karai, na tikiti ya treni hulipiwa hivyo. Till ya dukani inafanana na Lipa Namba ya kwetu. Ukitumia mashine ya benki, ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi za Tanzania au za Kenya, chagua za Kenya. Ukichagua za Tanzania, mashine inakupigia kiwango chake yenyewe, na huwa kibaya. Toa kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo mara tano, maana ada hutozwa kila unapotoa.

Siku ya tatu tikiti ndiyo ya kwanza. Treni ya Madaraka Express inafanya kazi tangu 2017. Weka nafasi kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, ulipe mara moja. Nafasi isiyolipiwa hufutika. Daraja la kawaida hadi Nairobi ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024. Mwisho wa wiki, likizo za shule na Desemba hujaa mapema. Kwa ratiba ya kawaida kuna ya saa 2 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 4 usiku. Tikiti itaandika 08:00, 15:00 na 22:00, na wapo waliosoma 08:00 wakafika kituoni saa 8 mchana. Chukua ya asubuhi. Inasimama vituo vya kati, lakini inafika mchana, na ndiyo inayopita Tsavo kukiwa na mwanga. Tembo huonekana dirishani.

Muda uliobaki ni wa Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingia orodha ya urithi wa dunia 2011. Beba pasipoti: viingilio vya makumbusho ya Kenya vina bei ya Waafrika Mashariki, nafuu kuliko ya wageni wengine, na usipoithibitisha unalipa ya juu. Fua nguo, pumzisha mabega. Upweke humshika mtu siku ya pili au ya tatu, jioni, kazi zikiisha. Mombasa unatibika kirahisi kwa sababu lugha ni yako: kale mahamri na mbaazi kwenye benchi la pamoja, salimia kwa utulivu, mazungumzo yatakuja. Nyumbani piga saa mlizopatana, asubuhi na jioni. Ukipiga kila saa utawatia hofu siku mtandao ukikosekana. Hifadhi pia namba za dharura za Kenya, 999 na 112, na ujue Tanzania ina ubalozi mdogo Mombasa na ubalozi wake Nairobi.

Kituo cha treni kiko Miritini, mbali na kisiwa, kwa hiyo toka gesti saa 11 na nusu alfajiri. Mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine mara zaidi ya moja. Visu na pombe havipiti. Tikiti unaichapa kwenye mashine kituoni, nayo hukaguliwa pamoja na pasipoti. Anayefika dakika 20 kabla huikuta foleni ya ukaguzi na kuachwa.

Treni inaishia Syokimau, nje ya Nairobi ya katikati. Treni ndogo ya kuunganisha husubiri pale kupeleka abiria stesheni ya mjini. Ifuate moja kwa moja bila kusimama kujadiliana na madereva wa nje. Ukishuka mjini weka simu ndani ya begi la mbele, angalia ramani ukiwa ndani ya duka na si pembeni mwa barabara, na ukipanda matatu usikae dirishani na simu mkononi. Kama unaendelea Kampala, tikiti ikate siku moja kabla na uulize basi linafika Malaba au Busia saa ngapi. Uganda wanaikagua kadi ya njano. Ukifika Rwanda rudisha saa nyuma kwa saa moja, na uwe na adapta ya pini mbili za duara, kwa kuwa chaja ya pini tatu unayotumia Dar inaingia vizuri Kenya na Uganda lakini huko haiingii.